Mbizi Moja au Mbili? Tusiihadae Bahari kwa Hesabu

Yako maswali ambayo kwa udogo wake mtu huona haya kuyauliza mbele za watu, ilhali ndani yake yamebeba maisha ya wanadamu. Mojawapo ni hili: mtu aliyeshuka baharini na mtungi wa hewa mgongoni, akaibuka, akaelea juu ya maji kwa dakika tano, kisha akashuka tena, je, amepiga mbizi moja au mbili?

Msomaji aliye mbali na bahari huenda akacheka. Atasema hayo ni mambo ya watalii wenye muda wa kupoteza, na kwamba walimu na wanafunzi wana mizigo mizito zaidi ya kubeba. Namwomba asubiri kidogo. Katika kisiwa hiki cha Mombasa, na hasa katika Mji wa Kale ambako mtoto huyazoea maji angali mdogo, swali hili linawagusa vijana wetu waziwazi. Wako wanaomaliza kidato cha nne na kwenda kutafuta riziki katika vituo vya kupiga mbizi vilivyoko Nyali, Bamburi na Diani. Huko hawaulizwi cheti cha shule peke yake. Huulizwa daftari la mbizi, na katika daftari hilo jicho la mwajiri hutangulia kutazama jambo moja: idadi.

Idadi hiyo si ya mapambo. Shirika la PADI, ambalo vyeti vyake vimeenea katika pwani hii, humtaka mwanafunzi awe na mbizi 40 zilizoandikwa kabla ya kuanza mafunzo ya cheo cha kiongozi wa wapiga mbizi, na awe ametimiza 60 kabla ya kukabidhiwa cheo chenyewe. Anayetaka kuwa mkufunzi hudaiwa 100. Kijana aliye na mbizi 48 anajua kwamba kati yake na kazi ya kudumu zimesimama mbizi 12. Na kila mbizi ina gharama yake: mtungi ujazwe, mashua ipatikane, mafuta yanunuliwe, bahari nayo ikubali. Wakati wa kusi mawimbi huumka na maji huchafuka, siku zikapita bila mtu kushuka.

Hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa. Alishuka mara moja, akaibuka kuitazama mashua, akashuka tena kumalizia hewa yake. Akirudi pwani, kalamu mkononi, nani atamzuia kuandika mbili? Hajaiba kitu cha mtu. Alishuka mara mbili kweli, akaibuka mara mbili kweli. Kwa lugha ya kawaida hakusema uongo.

Ama mimi nashikilia kwamba swali la mbizi moja au mbili haliwezi kujibiwa kabla hatujauliza swali jingine: tunahesabu ili tujue nini? Daftari la mpiga mbizi hufanya kazi zaidi ya moja, na kila kazi ina hesabu yake. Balaa huingia pale tunapotaka nambari moja iyajibu yote.

Kazi ya kwanza ya daftari ni kuulinda mwili. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, nayo hapa juu ya ardhi huingia na kutoka bila kutudhuru. Baharini mambo hubadilika. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufuoni. Mtu aliye mita 20 chini amebanwa mara tatu ya aliyesimama ufukweni. Kwa kubanwa huko, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na minofu, na kadiri akaavyo ndivyo izidivyo kujikusanya. Akipanda kwa haraka, au akiwa amekaa mno, hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo ndiyo yaletayo maumivu ya viungo, kupooza, na wakati mwingine kifo. Mwanasayansi John Scott Haldane alilichunguza jambo hili kwa kutumia mbuzi, na mwaka 1908 akachapisha majedwali yaliyoonyesha jinsi ya kumpandisha mpiga mbizi kwa vituo ili asidhurike. Majedwali yote yaliyofuata yanamwia deni.

Sasa tuirudie ile mbizi ya dakika tano juu ya maji. Je, katika dakika tano naitrojeni imekwisha mwilini? Haikukaribia kwisha. Huhitaji saa nyingi kutoka yote. Kwa sababu hiyo jeshi la majini la Marekani, katika utaratibu wake wa kupiga mbizi, liliweka mpaka wa dakika 10. Aliyekaa juu ya maji chini ya muda huo huhesabiwa kwamba bado yumo katika mbizi ileile: muda wake wa chini hujumlishwa wote, na kina kichukuliwacho ni kile kilichozidi.

Naomba walimu wa hesabati wanisaidie kuupigia mfano huu mstari. Jedwali la PADI la kipimo cha mita humruhusu mtu kukaa dakika 56 katika kina cha mita 18 bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Tuseme kijana ameshuka mita 18 kwenye mwamba ulio nje ya Nyali, akakaa dakika 30, akaibuka kwa dakika tano, akashuka tena mita 18 kwa dakika 30. Akiandika mbizi mbili na kuitazama kila moja peke yake, atajiona yuko salama salimini, kwa kuwa 30 ni pungufu mno ya 56. Akiandika mbizi moja, 30 na 30 ni 60. Amekwisha kuuvuka mpaka, na mwili wake unajua hivyo hata kama kalamu haijui. Bahari ni ileile, mtu ni yuleyule, dakika ni zilezile. Tofauti ya salama na hatari imo katika namna alivyohesabu.

Hayo ni kuhusu damu. Mapafu nayo yana hesabu yao. Hewa iliyomo mapafuni hutanuka mtu apandapo, na mtanuko mkubwa kuliko wote huwa katika zile mita 10 za mwisho, ambapo ujazo wake huongezeka maradufu. Aliyezuia pumzi katika sehemu hiyo huweza kupasuka mapafu hata kama hakwenda kina kirefu. Kwa hiyo kila kupanda ni hatari ya peke yake. Yule kijana wetu, ambaye kwa hesabu ya naitrojeni alipiga mbizi moja, kwa hesabu ya mapafu amepanda mara mbili. Kuandika moja na kulisahau lile ibuko la katikati ni kuficha nusu ya habari. Tena wapo wanaopanda na kushuka mara tano au sita katika saa moja, wakiwafuata wageni waliopotea au kurekebisha kamba ya nanga. Wataalamu wamekwisha kuonya kwamba mwendo huo wa misumeno, juu chini, juu chini, huuchosha mwili kuliko mbizi moja iliyotulia.

Kazi ya pili ya daftari ni kushuhudia uzoefu, na hapa kipimo ni kingine. Kwa mbizi za mafunzo, PADI hutaka mwanafunzi afike angalau mita 5, na akae angalau dakika 20 au avute hewa isiyopungua lita 1,400. Sababu yake inaeleweka. Mtu hajifunzi bahari kwa kuchovya kichwa na kutoka. Lakini ukitoka katika mafunzo ukaingia katika mbizi za kawaida za kutimizia idadi, kanuni hulegea, na kila kituo kikawa na desturi yake. Kituo hiki kitakubali kijana aliyekwenda kufungua kamba kwa dakika nane aandike mbizi. Kile cha jirani kitamkatalia. Vijana wawili wenye bidii sawa hujikuta na madaftari yasiyofanana, na mwajiri asiyejua desturi hizo hudhani mmoja ni hodari na mwingine mvivu.

Wala tusidhani kwamba dakika 20 ni mizani ya haki kwa kila hali. Watu wa Mombasa hawajasahau Septemba ya mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye kivuko cha Likoni na kuzama na mama na binti yake. Msako uliendelea hadi Oktoba. Gari lilikuwa limelala katika kina cha zaidi ya mita 50, palipo na giza na mkondo mkali. Umati uliokusanyika ulihesabu kila mshuko, na wengine walinung'unika kwamba wapiga mbizi wanakaa mno juu kuliko chini. Kumbe katika kina kile mgandamizo ni zaidi ya mara sita ya huku juu, na muda ambao mtu aweza kukaa bila kulipa kwa saa ndefu za kupanda ni dakika za kuhesabika kwa vidole. Mpiga mbizi aliyekaa dakika chache, asione kitu, akapanda pole pole kwa vituo, amefanya kazi nzito kuliko mtalii aliyeogelea saa nzima juu ya matumbawe ya mita 6. Nani atathubutu kumwambia kwamba mbizi yake haikutimia?

Ndiposa nasema muda peke yake hautoshi, na idadi peke yake haitoshi. Na jambo hili si geni katika mji wetu. Mbele ya Ngome ya Yesu, umbali mfupi kutoka kuta zake, iko merikebu ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanná. Iliundwa Bassein katika Bara Hindi, ikaja kuwaokoa Wareno waliokuwa wamezingirwa na Waomani ndani ya ngome, na mwaka 1697 ikazama papo hapo. Ngome yenyewe ilianguka mwaka uliofuata, 1698. Wapiga mbizi wa hapa pwani waliyagundua mabaki yake katika miaka ya 1960. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakishirikiana na Taasisi ya Akiolojia ya Baharini ya Marekani yaliyafukua chini ya maji, na vitu vilivyopatikana vimewekwa katika makumbusho ya ngome, ambako wanafunzi wetu huenda kuvitazama kila mwaka.

Mwanafunzi aonapo kile chombo cha udongo ndani ya kabati la kioo, na ajiulize: wamejuaje kwamba kilikuwa upande huu wa merikebu na si ule? Wamejua kwa sababu kazi ya akiolojia ya baharini huendeshwa kwa daftari. Mfukuaji akikiondoa kitu mahali pake, mahali pale hapapo tena. Kinachobaki ni maandishi. Nani alishuka, saa ngapi, kipande kipi cha eneo, aliona nini, alipanda saa ngapi. Katika kazi hiyo kila mshuko hupewa ukurasa wake, hata ule uliokatizwa na mkondo, maana ukurasa mtupu nao hueleza kwamba siku ile hapakuguswa kitu. Leo wako Wakenya, akiwamo Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa, walioifanya elimu hii kuwa yao. Hawakuipata kwa kujaza tarakimu.

Tunaona basi kwamba alasiri moja ya mtu mmoja yaweza kuwa mbizi moja kwa damu yake, mipando miwili kwa mapafu yake, kurasa mbili kwa mfukuaji, na pengine isiwe mbizi kamwe kwa mkufunzi anayedai dakika 20 katika kila mshuko. Majibu hayo yote ni ya kweli. Uongo huingia pale tunapochukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye swali jingine kwa kuwa linatufaa.

Wazee wetu wa majahazi walilielewa jambo hili bila majedwali. Nahodha aliyeshuka na kaskazi kutoka Maskati, akatia nanga Lamu, Malindi na Mombasa, kisha akangoja kusi imrudishe kwao, hakujitapa kwamba amefanya safari sita. Alifanya safari moja, yenye bandari nyingi. Bandari alizitaja zote, kwa sababu katika kila moja palikuwa na shehena, ushuru na deni. Ila hakuzigeuza safari. Kutaja kila kitu ni jambo moja. Kukipa kila kitu jina la safari ni jambo la pili.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja yao haifai kupuuzwa. Watasema kwamba kipimo cha idadi kimewekwa na kuwafaa wenye fedha. Mgeni kutoka Ulaya hulipia mbizi 20 katika likizo ya wiki mbili, akaondoka na daftari nono. Kijana wa Kibokoni, aliyelelewa na bahari hii, hukaa mwezi mzima akibeba mitungi ya wengine na kungoja nafasi moja iliyobaki mashuani. Akiigawa mbizi moja kuwa mbili, watauliza, hakufanya ila kupunguza dhuluma aliyotendewa?

Dhuluma hiyo ipo, nami siikanushi. Lakini dawa yake haimo katika kalamu ya uongo, kwa sababu malipo ya uongo huo hayamwangukii aliyeweka kanuni. Humwangukia mgeni atakayekabidhiwa kwa kiongozi ambaye mbizi zake 60 kwa kweli ni 35. Humwangukia kijana mwenyewe siku mkondo utakapomvuta mteja wake chini, naye ahitaji kutoka kifuani utulivu ambao daftari linasema anao. Njia ya mwongo ni fupi, na chini ya maji huwa fupi zaidi.

Dawa ya haki ni kuandika kazi anayoifanya kijana huyo na kuitambua. Anayeshuka kukagua nanga, kufunga maboya, kusafisha tumbo la mashua au kutafuta kifaa kilichodondoka, anajifunza mambo ambayo mtalii hayajui kabisa. Vituo vya kupiga mbizi vina wajibu wa kuyaandika hayo yote kwa saa, kwa kina na kwa aina ya kazi, na kuyathamini wakati wa kumpima mtu. Vina wajibu pia wa kumweleza mwanafunzi siku ya kwanza, kwa maandishi, ni nini wakihesabucho kuwa mbizi na kwa nini. Kanuni ikijulikana kabla ya mchezo haimwonei mtu. Inayotangazwa baada ya mchezo ndiyo ionevu.

Na daftari lenyewe linahitaji safu chache tu: saa ya kushuka, saa ya kupanda, kina kilichozidi, muda uliokaliwa juu ya maji kabla ya kushuka tena, idadi ya mipando, hewa iliyotumika, na kazi iliyofanywa. Aliye na hayo aweza kuulizwa swali lolote na kulijibu. Akitakiwa kuhesabu kwa mpaka wa dakika 10, atahesabu. Akitakiwa kuhesabu kwa dakika 20 za chini, atahesabu. Idadi itatoka katika maandishi. Maandishi hayatakuwa yametungwa ili kuitafuta idadi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lenye tarakimu tupu nalo ni mali iliyokwisha kupotea.

Nawageukia walimu. Jambo hili mwalijua kuliko mimi, maana ndilo mnalopambana nalo kila muhula. Mwanafunzi aliyehudhuria siku zote za muhula na yule aliyesoma siku zote za muhula huandikwa namna moja katika rejista, nao si mmoja. Zoezi lililonakiliwa kwa mwenzake na zoezi lililofanywa kwa jasho yote huhesabiwa zoezi moja. Shule inayoringia idadi ya majaribio iliyowapa watoto, bila kusema waliyasahihisha mangapi na kuyarudia mangapi, inafanya kama yule aliyeibuka na kuzama tena ili apate mbili. Mwalimu wa pwani akitaka kuwafundisha watoto maana ya kipimo, asihangaike kutafuta mfano mbali. Awape ule mfano wa dakika 30 na 30, awaache wabishane darasani, kisha awaulize si jibu lipi ni sahihi, bali kila jibu linafaa kwa swali lipi. Watakuwa wamejifunza hesabati, fizikia na uaminifu katika kipindi kimoja.

Nawageukia na vijana wanaojiandaa kushuka. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na uliyoyaandika bila kuyafika huyajui zaidi. Daftari lako litasomwa na mwajiri mara moja, na mkufunzi mara mbili. Lakini siku utakapopandishwa mashuani viungo vinauma na miguu haina nguvu, daktari atalifungua na kulisoma mstari kwa mstari, akitafuta ulishuka kina gani, ulikaa muda gani, ulipanda mara ngapi. Siku hiyo hataitazama idadi.